Ardhi Iliyonunuliwa: Habari za Makao ya Misheni Katika Unguja

Katika Kitabu cha Mwanzo, mlango wa 23, twasoma jinsi Ibrahimu alivyofiwa na mkewe Sara katika nchi ya Kanaani. Mungu alikuwa amekwisha kumwahidi nchi ile yote, walakini siku ile hakuwa na hata mahali padogo pa kumzika marehemu wake. Akasimama mbele ya wana wa Hethi, akakiri ya kuwa yeye ni mgeni kwao, akaomba auziwe pango la Makpela. Efroni mwenye shamba alisema atampa bure. Ibrahimu hakukubali. Akapima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi langoni mwa mji, na lile shamba, na pango, na miti yote iliyokuwa mipakani mwake, vikathibitika kuwa milki yake. Hivyo ardhi ya kwanza aliyoimiliki baba yetu wa imani ilikuwa ardhi iliyonunuliwa, nayo ilikuwa kaburi.

Wakristo wengi, wasikiapo habari za mwanzo wa Misheni, hufikiri habari za mahubiri na ubatizo tu. Lakini mwenye kuhubiri hana budi kulala mahali, na mwenye kufundisha hana budi kuwa na paa juu ya wanafunzi wake. Kwa hiyo katika kitabu hiki cha yubile tumeona vema kuandika jinsi wageni walivyonunua makao katika nchi isiyo yao: kwa haki gani walinunua, katika mahali gani, na ni nani waliokaa humo. Kila mtaa wa dayosisi yetu una kiwanja chake, na kila kiwanja kina historia yake. Asiyejua kiwanja chake kilipatikanaje, ni vigumu kwake kukilinda.

Mahali pasipokuwa na hati

Misheni ya Vyuo Vikuu, iitwayo UMCA, ilitokana na hotuba aliyoitoa Dakta Livingstone katika chuo kikuu cha Cambridge, tarehe 4 Desemba 1857. Askofu wake wa kwanza, Charles Frederick Mackenzie, aliwekwa wakfu Cape Town tarehe 1 Januari 1861, na mwaka ule ule akakaa Magomero, katika nyanda za juu za mto Shire. Hakununua kitu. Walikaa mahali walipokaribishwa, wakajenga vibanda vya miti na majani, wakawapokea watumwa waliofunguliwa kutoka mikononi mwa wafanya biashara ya watu. Hawakuwa na mapatano ya kuwalinda wala serikali ya kuwaamulia. Mara wakajikuta kati ya vita vya watu wa nchi, kisha ikaja njaa, kisha homa. Askofu Mackenzie akafa tarehe 31 Januari 1862, hajatimiza hata mwaka mmoja katika nchi ile.

Aliyemfuata ni Askofu William George Tozer. Kwanza aliihamisha Misheni mpaka mlima wa Morambala, naye akaona ya kuwa huko nako hakuna maisha. Ndipo alipoamua jambo ambalo wengi walimlaumu kwalo, na Dakta Livingstone alikuwa mmoja wao. Aliacha bara, akaenda Unguja. Yeye na Dakta Edward Steere waliwasili tarehe 31 Agosti 1864. Waliomlaumu walisema amekimbia. Yeye aliona ya kuwa mti hauoti hewani: kwanza ipatikane nyumba iliyo salama, humo wafunzwe vijana wa Kiafrika, kisha vijana hao ndio watakaorudi bara na Injili. Sisi tunaosoma habari hizi baada ya miaka mingi twaweza kuona ya kuwa hakukosea.

Haki ya mgeni katika Unguja

Kwa nini nyumba iliweza kupatikana Unguja, isipatikane Magomero? Sababu yake si kwamba watu wa Unguja walikuwa wapole kuliko watu wa Shire. Sababu ni mapatano. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja, alifanya mapatano ya biashara na Marekani mwaka wa 1833, na Uingereza mwaka wa 1839, na Ufaransa mwaka wa 1844. Katika yale ya 1839 raia wa Uingereza waliruhusiwa kununua, kuuza na kupanga ardhi na nyumba katika nchi za Seyyid. Tena iliandikwa ya kuwa nyumba zao zisiingiwe kwa nguvu wala kupekuliwa bila ridhaa ya mwenye kukaa, ila kwa kumjulisha balozi wao.

Maneno hayo yaliandikwa kwa ajili ya wafanya biashara wa pembe na karafuu. Walioyaandika hawakuwa na fikira za shule wala kanisa. Lakini mlango uliofunguliwa kwa ajili ya tajiri, mwalimu naye aliweza kuupita. Nyumba aliyoipata Askofu Tozer upande wa Shangani ilikuwa na nguvu ya mapatano nyuma ya kuta zake.

Wanafunzi wa kwanza hawakukawia. Mwaka ule ule wa 1864 Seyyid Majid alimpa Askofu wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao ni John Swedi, ambaye mwaka wa 1879 alipata daraja ya ushemasi. Na tutafakari jambo hili: watoto wale walitiwa bei, wakapakiwa jahazini kama mizigo, kisha wakakaa katika nyumba ya mgeni katika mji ambao nao wenyewe walikuwa wageni. Aliyewapokea alikuwa mbali na kwao, na wao walikuwa mbali na kwao. Ila yeye alikuja kwa hiari yake.

Kiungani na Mbweni

Nyumba ya mjini haikutosha. Misheni ikanunua shamba la Kiungani, kusini ya mji, mahali penye upepo wa bahari, na huko kikasimama chuo cha Mtakatifu Andrea. Ndiko walikofunzwa walimu na makasisi wa kwanza. Mmoja wao ni Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, ambaye mwaka wa 1890 aliwekwa kuwa kasisi, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa Misheni hii. Kadhalika Dakta Steere aliweka mashine ya kupigia chapa, hata nyumba iliyonunuliwa na wageni ikawa nyumba ya vitabu vya Kiswahili.

Mwaka wa 1871 likanunuliwa shamba la Mbweni, mbele kidogo ya Kiungani. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili 1872, ikaja tufani kubwa ambayo wazee wa Unguja waliisimulia muda mrefu baadaye. Iling'oa minazi na mikarafuu, ikavunja vyombo bandarini, ikaharibu na majengo ya Misheni. Askofu Tozer, ambaye afya yake ilikuwa imevunjika, akajiuzulu mwaka wa 1873. Dakta Steere akawa askofu mahali pake mwaka wa 1874.

Mbweni palikuwa kijiji cha waliofunguliwa. Manowari za Waingereza zilipokamata majahazi baharini, watu waliotolewa humo walipaswa kupata mahali pa kukaa. Maana kumfungua mtu na kumwacha ufukoni hana nyumba, hana jamaa wala jembe, ni kumrudishia mwindaji windo lake. Walikuwamo Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wabisa, na watu wa makabila mengine mengi, kila mmoja na lugha yake. Walipewa mahali pa kujenga na bustani ya kulima, nao walifanya kazi ya ujira katika shamba la Misheni. Kanisa la Mtakatifu Yohana likajengwa, na shule ya wasichana ya Mtakatifu Mariamu. Bibi Caroline Thackeray alifika mwaka wa 1877, akaitunza shule ile mpaka mwaka wa 1902, wala hakurudi kwao kupumzika uzee wake. Alikaa Mbweni mpaka alipofariki mwaka wa 1926.

Soko la Mkunazini

Sasa twafika mahali ambapo kila Mkristo wa dayosisi hii hupajua, hata kama hajapaona. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia mkono mapatano ya kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko ya watumwa. Soko la Mkunazini likafungwa. Kiwanja kikabaki kitupu katika mji ambao watu wengi walitajirika kwacho.

Kasisi mmoja wa Misheni, Arthur Nugent West, akanunua sehemu ya kiwanja kile kwa mali yake mwenyewe, akaitoa kwa Misheni. Sehemu nyingine ilitolewa na Jairam, tajiri wa Kihindi. Sikukuu ya Noeli mwaka wa 1873 likawekwa jiwe la msingi. Mwaka mmoja baadaye, siku za Noeli ya 1874, Padre West akafariki, kuta hazijasimama bado. Askofu Steere ndiye aliyeisimamia kazi. Aliwafundisha waashi mwenyewe, akaezeka kanisa kwa mawe ya matumbawe na saruji, bila boriti za mti, na watu wakasema paa lile litaanguka. Halikuanguka. Ibada ya kwanza ilifanywa siku ya Noeli. Yasimuliwa ya kuwa altare ilisimamishwa pale palipokuwa na mti wa kufungia na kupigia watumwa. Yasimuliwa pia ya kuwa Seyyid Barghash, aliyekuwa Mwislamu, alitoa saa ya mnara.

Hapa yatupasa kukaa kidogo na kufikiri. Kuna maelfu ya watu waliouzwa katika kiwanja kile, na hakuna aliyewauliza bei yao wala waendako. Kisha siku moja kiwanja chenyewe kikauzwa. Mahali palipouzia watu pakauzwa pasiuze tena. Fedha ile ile, riale zile zile zilizokuwa zikihesabiwa juu ya kichwa cha mtoto wa Kinyasa, zilihesabiwa sasa ili mtoto wa yule mtoto apate mahali pa kusali. Fedha haina moyo. Ni mwenye kuihesabu ndiye mwenye moyo.

Namna mbili za wageni

Yubile yenye sifa tupu si historia. Kwa hiyo yatupasa kusema jambo moja ambalo katika vitabu vya sherehe huachwa.

Katika ardhi zile walikaa wageni wa namna mbili. Wa kwanza ni Wazungu wa Misheni, waliokuja kwa kutaka, wakanunua kwa fedha, na jina la Misheni likaandikwa katika hati. Wa pili ni waliofunguliwa. Hao hawakuichagua nchi, wala hawakuwa na fedha, wala jina lao halikuandikwa katika hati. Mtu wa Mbweni alikuwa na nyumba, na mlango wake hakuna aliyeweza kuuvunja ili amkamate. Na katika siku zile, watu walipokuwa wakiibwa njiani, neema hiyo haikuwa ndogo. Lakini ardhi iliyo chini ya nyumba yake ilikuwa ya Misheni. Aliweza kuvuna muhogo alioupanda. Kuiuza ardhi hakuweza, wala kumrithisha mwanawe kama mwenye milki. Alikuwa huru katika makao ya mtu mwingine.

Hatusemi hayo ili kuwashitaki waliotutangulia. Waliogopa, na hofu yao ilikuwa na sababu, ya kuwa mtu aliyetoka jahazini juzi, akipewa hati leo, kesho atadanganywa na tajiri wa mjini na kunyang'anywa. Walakini ulinzi na milki ni mambo mawili. Mlezi mwema humlinda mtoto mpaka siku ya kumkabidhi, na siku ya kumkabidhi haina budi kufika.

Waliofunguliwa wenyewe walilijua jambo hili. Wengi wao walitamani kurudi makwao, au karibu na makwao. Mwaka wa 1876 Askofu Steere akafuatana na kundi lao, zaidi ya watu 50, wakapitia Lindi kwenda upande wa Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya milima ile ya mawe, waliona maji na udongo mwema, wakaomba wakae hapo, na Askofu akakubali. Makao yale hayakununuliwa kwa hati. Walikaa kama watu wa nchi wanavyokaa, kwa jembe na kwa ujirani. Kwa wengine ilikuwa mara ya kwanza tangu utoto wao kujenga nyumba mahali walipopachagua wenyewe.

Lakini kama Magomero, Masasi nako hakukuwa na ngome. Askofu Steere alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Mwezi uliofuata, Septemba 1882, Magwangwara wakashuka juu ya Masasi, wakachoma nyumba, wakaua wengine, wakachukua wengine mateka. Na Misheni ikawafuatia ili kuwakomboa kwa mali. Watu waliokwisha kufunguliwa mara moja wakatiwa bei mara ya pili. Hata hivyo Masasi haikufa. Waliobaki walijenga tena, na mwaka wa 1926 mahali pale pakapewa jina la dayosisi.

Jirani zetu wa Mombasa

Habari hizi si za Unguja peke yake. Katika pwani ya Kenya, ndugu zetu wa Misheni ya CMS walinunua ardhi Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mwaka wa 1875, wakaanzisha kijiji cha waliofunguliwa, wakakiita Frere Town kwa jina la Sir Bartle Frere. Si mbali na hapo palikuwa na kaburi la Rosina, mkewe Dakta Krapf, aliyefariki mwaka wa 1844, miezi michache tu baada ya kufika. Basi huko nako, kama kwa Ibrahimu, mke alizikwa kwanza, na makao yakafuata nyuma ya kaburi. Tena huko Rabai, watumwa waliotoroka walipokimbilia katika ardhi ya Misheni, mabwana zao wakadai. Na tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 walipewa uhuru wao baada ya mabwana kulipwa fidia. Mwenye nyumba asiyejua ni nani atakayeikimbilia nyumba yake, na atazame Rabai.

Mafundisho kwa mitaa yetu

Tangu siku zile sheria zimegeuka. Utumwa ulipoteza nguvu ya sheria katika Unguja mwaka wa 1897. Mapatano ya 1839 yamebaki katika vitabu. Huko Tanganyika hati za milki ya milele ziligeuzwa mwaka wa 1963 kuwa za muda, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Unguja na Pemba ilitangazwa kuwa mali ya Serikali. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mtu asiye raia hawezi kumilikishwa ila kwa ajili ya uwekezaji. Kama Askofu Tozer angeshuka leo katika bandari, asingeweza kununua kama alivyonunua. Shule ya Mbweni ni magofu sasa, lakini Kanisa la Mtakatifu Yohana lingali linasaliwa.

Twajifunza nini basi? Walimu na wazee wa makanisa, twawaomba mkumbuke mambo matatu.

La kwanza, hati zitunzwe. Nabii Yeremia, Yerusalemu ulipokuwa umezungukwa na majeshi, alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17, akaandika hati, akaita mashahidi, akaagiza hati ile itiwe katika chombo cha udongo ipate kudumu siku nyingi. Kama nabii aliyeona mji unaanguka hakudharau karatasi, sisi tunaokaa katika amani tutatoa udhuru gani? Kiwanja cha kanisa kiandikwe kwa jina la wadhamini, wala si kwa jina la mzee mmoja ambaye akifa watoto wake watagombana na Kanisa. Mawe ya mpaka yajulikane, na kodi ilipwe kwa wakati wake.

La pili, wenye kukaa katika ardhi ya Kanisa wasiachwe gizani. Katika mitaa mingi wako wajane, walimu wastaafu, na wajukuu wa watumishi wa zamani, waliojenga kwa neno la mdomo la padre aliyekwisha kufariki. Neno la mdomo hufa pamoja na msemaji wake. Halmashauri iketi nao, iandike haki yao, na mpaka wa haki hiyo, mbele ya mashahidi. Hivyo ndivyo tutakavyotimiza lililobakia katika kazi ya Mbweni.

La tatu, mgeni asidharauliwe. Kanisa hili lilianza kwa mgeni aliyepata nyumba, akamfungulia mgeni mwingine. Miongoni mwetu leo wako waliokimbia vita katika nchi jirani, na vijana waliohamia mjini wasio na jamaa. Wakibisha hodi, tukumbuke ya kuwa baba zetu walibisha hodi kabla yao.

Katika makaburi ya Mbweni wamelala waliokuja kwa meli ya abiria na waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Udongo mmoja umewafunika, na wote wameupata kwa ukamilifu, bila kupungukiwa kitu. Mungu awape raha ya milele, na sisi atujalie kuyalinda makao waliyotuachia, hata tuufikie mji ule ambao hakuna mgeni ndani yake.